Siku tano Ufaransa na watoto: gaweni Paris na Lyon

Dada yangu, umeuliza kama siku zote tano mkae Paris, na watoto watakula nini maana nguruwe hamli. Mimi ningelala Paris siku mbili tu. Kwenye makumbusho ya Louvre walio chini ya miaka 18 hawalipi, ila Jumanne hufungwa.

Kisha pandeni treni ya kasi, TGV, hadi Lyon, mwendo wa saa mbili hivi. Huko ndiko kwenye chakula! Migahawa yao ya jadi, bouchon, hupika sana nguruwe na matumbo, na mvinyo huingia hata kwenye mchuzi, kwa hiyo karirini: "sans porc, sans vin", yaani bila nguruwe, bila mvinyo. Agizeni quenelle ya samaki, donge laini linaloyeyuka mdomoni, kisha tarte ya praline, pai tamu nyekundu kwa lozi za sukari. Wahini mchana kabla ya saa saba; baada ya saa nane majiko mengi hufungwa hadi saa moja usiku.

Bustani ya Tête d'Or ina wanyama, kuingia bure. Na kila dukani anzeni na "Bonjour". Kwao hiyo ndiyo hodi.