Usiliondoe Gogo Kabla ya Kumwambia Dereva

Asubuhi ile tipa ilikuwa imeshapiga tripu nane. Tulikuwa tunajazia kifusi nyuma ya ukuta wa msingi, jengo la ghorofa hapa Dar es Salaam, shimo la mita tatu na nusu, udongo wa kichanga kama ulivyo sehemu kubwa ya mji huu. Kila tripu dereva alifanya yale yale: anaingia getini, anageuza, anarudi rivasi polepole macho yakiwa kwenye kioo cha kulia, mpaka matairi ya nyuma yaguse gogo lililolazwa kando ya shimo. Akishasikia lile guso dogo kwenye kiti chake, anafunga breki na kuinua bodi. Gogo lenyewe lilikuwa la mkaratusi, limeshikiliwa na nondo mbili zilizopigiliwa ardhini.

Tripu ya tisa gogo halikuwepo.

Katikati hapo palipita kama dakika 20, na ndani ya dakika hizo kompresa ilitakiwa kuvutwa kwenda upande wa pili wa saiti. Vibarua wawili wakaambiwa watoe gogo njiani. Wakaling'oa, wakaliegesha kwenye mabati ya uzio, kompresa ikapita, na kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Hakuna aliyelirudisha. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu. Nilipita pale kwa miguu yangu, nikaona matundu mawili ya nondo kwenye mchanga, nikajua kabisa gogo limetolewa. Simu ikaita, nikapokea, nikaendelea na safari.

Dereva alirudi rivasi akisubiri kugusa. Hakugusa kitu. Ukingo ukakatika, matairi ya nyuma yakazama, tipa ikalala kwa chasisi pua ikiwa juu. Mwenyewe aliruka, akatoka na michubuko. Chini kulikuwa na kijana wa kushindilia. Alikuwa ameshajitenga pembeni kama alivyofundishwa, lakini bonge la ukingo lilimfikia, likamfukia hadi kiunoni na kumvunja paja. Tulimchimbua kwa mikono na makoleo madogo, kwa sababu kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kingeweza kumkata.

Nimeshaisimulia habari hii kwenye vikao vya asubuhi mara nyingi, na nimeona niiandike kwa ajili ya vijana wanaoanza kusimamia saiti. Watu huniuliza kama dereva alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anafanya kile ambacho gogo lilimfundisha tangu saa moja asubuhi. Mara nane lilimwambia "hapa ndiyo mwisho", na mara nane lilisema kweli. Mtu aliye ndani ya tipa haoni kilicho nyuma ya bodi. Anaona pembeni tu kupitia vioo, na kilicho nyuma anakihisi kwa tairi. Kama pasingekuwa na gogo tangu mwanzo, angerudi kwa woga, angeteremka akaangalie. Tulimpa kitu cha kutegemea, halafu tukakiondoa bila kumwambia. Kuondoa kizuizi ambacho dereva ameshakizoea ni hatari kuliko kutokiweka kabisa, na hapo ndipo lilipo kosa letu la siku ile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa ni huu: kila kizuizi cha muda kiwe na mwenyewe. Asiwe "kampuni" wala "watu wa usalama". Awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina kwa zamu ile, na jina hilo litajwe asubuhi mbele ya madereva wote. Mtu huyo ndiye pekee anayeruhusu kizuizi kung'olewa, na kabla hakijang'olewa anazuia magari getini. Njia haifunguliwi mpaka yeye mwenyewe arudi, akitazame kikiwa mahali pake, na amwambie mlinzi wa geti kwa mdomo wake. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Sisi tulikuwa na gogo zuri, nondo nzuri, na hakuna aliyekuwa na jukumu nalo.

Sasa tuje kwenye kizuizi chenyewe, maana nako kuna mambo mengi yanafanywa kimazoea.

Utepe wa njano na mweusi si kizuizi. Unamwambia mtu mwenye macho asipite, basi. Gurudumu halina macho. Vivyo hivyo koni za plastiki na mapipa matupu: tipa itayasukuma shimoni bila dereva kuhisi chochote. Viweke kwa ajili ya waenda kwa miguu, lakini usihesabu kwamba umeshazuia mashine.

Kinachozuia gurudumu ni kimo na uzito, na kwenye kimo ndipo wengi tunapokosea. Kanuni za migodi za Marekani zinataka tuta la pembeni mwa barabara lifike angalau usawa wa ekseli ya mashine kubwa kuliko zote zinazopita hapo, yaani nusu ya kimo cha gurudumu. Waliofanya kazi kwenye migodi ya wazi kama ya Geita wanayajua matuta ya namna hiyo. Sababu yake unaweza kuiona ukitazama tairi kwa ubavu. Tairi likikutana na kitu kifupi, linakigeuza kipandio: msukumo wa gari unalinyanyua na kulivusha. Kadiri kile kitu kinavyokaribia usawa wa ekseli, ndivyo nguvu ya kulipandisha inavyohitajika zaidi. Kikifika usawa huo, msukumo wote unaishia kulikandamiza tairi kwenye ukuta, na karibu hakuna kinachobaki cha kulinyanyua.

Tairi za saizi ya 12.00R20, zinazofungwa kwenye tipa nyingi, zina kimo cha mita 1.1 hivi. Nusu yake ni sentimita 55. Gogo letu lilikuwa na unene wa sentimita 30. Kwa maneno mengine, hata siku lilipokuwepo, lilikuwa linamjulisha dereva mahali pa kusimama, na lingeweza kumzuia akija kwa mwendo wa kobe tu. Angekuja kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, mguu bado uko kwenye mafuta, angelipanda. Gogo la namna hiyo nalikubali mahali ambapo dereva anaongozwa na mtu, ardhi ni tambarare na ukingo uko mbali. Pembeni ya shimo nataka tuta la udongo ulioshindiliwa, au matofali makubwa ya zege ya kunyanyuliwa kwa kijiko, kimo sentimita 60 au zaidi. Tuta lisiwe mchanga mkavu uliorundikwa tu, maana tairi litachimba na kupita katikati. Na ukitumia gogo, nondo zikae upande wa shimo, nyuma ya gogo, zizame ardhini vya kutosha, na vichwa vyake ukunje au uvifunike. Nimewahi kukuta mahali nondo zimepigiliwa mbele, upande wa gari. Hapo hazishiki chochote, na zinatoboa matairi.

Umbali kutoka ukingoni ni jambo ambalo natamani kila forimani alale nalo kichwani. Tunapenda kuweka kizuizi pale pale kwenye mdomo wa shimo ili kifusi kidondoke chenyewe. Hebu fikiria uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo ni karibu tani moja na nusu. Tipa iliyobeba mita 10 ina tani 15 za mzigo, ukiacha gari lenyewe. Bodi likianza kuinuka, uzito wa mzigo unarudi nyuma na kukaa juu ya matairi ya nyuma, tena wakati huo ndipo yako karibu kabisa na shimo. Kizuizi kinaweza kuwa imara kama mlima na bado ukingo ukaondoka wote, kizuizi na tipa pamoja.

Kipimo ninachotumia kwa ukingo uliokatwa wima ni hiki: shimo likiwa na kina cha mita tatu na nusu, matairi yasimame mita tatu na nusu kutoka ukingoni. Chora mstari wa mteremko wa nyuzi 45 kutoka chini kabisa ya shimo kuja juu. Pale unapotokeza ndipo mpaka wa udongo unaoweza kushuka. Kwenye mchanga sipunguzi hata sentimita. Baada ya mvua naongeza, na nikiona ufa umetambaa sambamba na ukingo, hata mwembamba wa kuingia ukucha, hakuna gari linalosogea upande ule mpaka injinia aje kuangalia.

Najua swali linalofuata, kwa sababu mabosi wameniuliza: kifusi kitafikaje shimoni kama tipa imesimama mbali hivyo? Mwaga mbali, sukuma. Tipa inamwaga nyuma ya kizuizi, halafu kijiko kinavuta au kinasukuma kifusi kwenda shimoni, chenyewe nacho kikiwa kimepewa sehemu salama ya kusimama. Ndiyo, saa za kijiko zinaongezeka na mafuta yanaongezeka. Nimeshakaa ofisini nikibishana kuhusu gharama hiyo, na sitaacha kubishana. Kuitoa tipa iliyoning'inia kulihitaji winchi, na saiti yetu ilisimama siku kadhaa. Paja la yule kijana sijui mtu angeliwekea bei gani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, imempa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, lakini mimi huwa siianzi hoja kwa sheria. Naanza kwa kumwomba bosi aje asimame pale chini, tipa ikiwa juu.

Kuna na mtu wa bendera, mwelekezaji. Asisimame kamwe kati ya gari na kizuizi. Nimeona vijana wakisimama juu ya gogo lenyewe, wakipunga mkono "njoo, njoo", kana kwamba wao ndio breki. Mahali pake ni pembeni, upande wa dereva, anapoonekana kwenye kioo. Dereva akimpoteza kiooni, asimamishe gari hapo hapo, asikisie. Na kelele za saiti zinameza sauti ya mtu, kwa hiyo ishara za mikono zikubaliwe asubuhi. Kila dereva anakuja na zake alizojifunza kwingine.

Magari yaliyoegeshwa kwenye mteremko ni habari nyingine, ila nisiipite. Tandiboi wetu wana wepesi wa kuruka na jiwe mkononi kabla gari halijasimama vizuri. Jiwe la mviringo linaviringika, na jiwe la chokaa linapasuka. Tengeneza kabari za mbao ngumu, zifungwe kwa kamba au mnyororo kwenye gari ili zisipotee, ziwekwe upande wa chini wa mteremko na zibane tairi kabisa. Wakati wa kuzitoa, dereva awe ameketi kwenye usukani, injini inawaka, mguu uko kwenye breki. Mikisa za zege za kuvutwa na majenereta ya magurudumu nayo yanahitaji kabari, maana mengi hayana breki ya maana. Hata toroli: kwenye mdomo wa shimo la nguzo pigilia ubao wa kimo cha sentimita kumi hivi, gurudumu ligonge hapo, kibarua amwage zege bila toroli kumvuta.

Baada ya ajali ile tulipaka magogo yote rangi nyekundu na nyeupe, na chini ya kila gogo tukamwaga mstari wa chokaa ardhini. Gogo likitolewa, mstari unabaki ukimwambia kila apitaye kwamba kuna kitu kinakosekana hapo. Chokaa inafutika kwa siku moja au mbili, kwa hiyo inamwagwa upya kila asubuhi, na kwangu hiyo ni faida: anayeimwaga analazimika kufika kwenye kila kizuizi. Kabla ya tripu ya kwanza dereva naye anatembea kwa miguu hadi pale atakapomwagia. Analisukuma gogo kwa mguu, anaangalia ukingo, ndipo anapanda gari.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa tipa alifika getini na tripu yake ya sita, akazima gari na kushuka. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza kupiga honi. Nilimfuata, nikamwamkia, nikamuuliza kuna nini.

"Mwanangu, lile gogo mmelisogeza?"

Lilikuwa limesogezwa, hatua mbili tu, ili kijiko kipate kuzunguka, na mwenye zamu alikuwa njiani kuja getini kutoa taarifa. Nikamwambia ndiyo mzee, limesogezwa, na liko salama. Hakunijibu. Alitembea mwenyewe hadi kule, akalikanyaga kwa kisigino mara mbili, akainama kuangalia nondo za nyuma, kisha akarudi taratibu na kuwasha gari.