Orodha ya malipo nakagua mara tatu, kosa silioni

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo, Tabora. Kila baada ya soko naandaa orodha ya malipo ya wakulima 140: kilo, thamani, makato ya pembejeo na baki ya kulipwa. Najipangia siku mbili, inakwisha ya nne. Nakagua mara tatu naona iko sawa, lakini mwenyekiti akiishika tu, anaona kosa. Kijana wangu aliye chuo ananiambia nijifunze metakognisheni. Ni kitu gani, na kinamsaidiaje mtu wa leja?

JIBU: Ndugu karani, kijana hajakosea, ila jina limekuwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Metakognisheni ni kuitazama akili yako ikiwa kazini na kuirekebisha kulingana na unachokiona. Neno hilo lilienezwa miaka ya 1970 na John Flavell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1990 watafiti Nelson na Narens waliligawa katika sehemu mbili: kufuatilia (hapa nimeelewa au nimebabaisha?) na kudhibiti (basi nirudie, nisonge mbele, au nibadili njia). Tatizo lako liko kwenye kufuatilia. Kwenye soko hakuna mkulima anayekubali robota lake lipimwe kwa mizani ambayo Wakala wa Vipimo hawajaikagua. Lakini ile hisia ya "iko sawa", ambayo nayo ni mizani, unaitumia kila siku bila kuipima hata mara moja.

Tuanze na muda. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Buehler na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, walitumia 55.5. Hata walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika, walisema 48.6. Anayekadiria huiona kazi ikienda moja kwa moja, na mara zote alizochelewa huzihesabu kuwa bahati mbaya ambayo haitajirudia.

Kwa hiyo usiulize kichwa, uliza daftari. Chora safu nne: kazi, makadirio, muda halisi, kilichokwamisha. Wakulima 140 wagawe mafungu saba ya 20, na kila fungu liandikie makadirio KABLA hujaanza. Ukiandika baada ya kumaliza, umejidanganya. Tuseme umekadiria dakika 25, ukatumia 41. Kwenye safu ya nne unaandika: dakika 12 kutafuta hati za mauzo zilizochanganyika, 6 kumhudumia mkulima aliyekuja kuulizia malipo. Zinabaki 23. Kumbe mkono wako si mzito hata kidogo! Kinachokula muda ni bunda la hati, na dawa yake ni kuzipanga kwa namba ya mkulima kabla hujagusa orodha. Kwa mfano huu, mafungu saba kwa dakika 41 ni saa 4 na dakika 47, si zile saa tatu kasoro ambazo makadirio ya dakika 25 yangekupa. Soko lijalo kadiria kwa kutumia 41 hadi daftari likuonyeshe namba nyingine.

Sasa makosa. Ukikagua mara tatu mfululizo, mara ya pili na ya tatu husomi tena. Jicho linapita juu ya kile ambacho kumbukumbu tayari inakitegemea. Mistari inateleza vizuri, na huo utelezi unauchukua kuwa ndio usahihi. Nelson na Dunlosky walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu akijipima papo hapo baada ya kujifunza jambo hukosea sana, lakini akingoja kidogo, kipimo chake kinakaribia ukweli. Wao walipima kumbukumbu, si leja, ila mantiki ni ileile. Kwa hiyo badala ya kukagua mara tatu jioni ileile, kagua mara moja kesho yake asubuhi, na ubadili njia: kama uliandika kutoka kwenye hati kwenda kwenye orodha, sasa anzia kwenye orodha uitafute hati, kutoka mstari wa chini kupanda juu, ukitamka tarakimu moja moja. "Moja, moja, nane, sita, sifuri, sifuri", si "laki moja na kumi na nane elfu na mia sita".

Kabla ya kukagua, andika pembeni: katika mistari hii 20, nadhani kuna makosa mangapi? Ukisema sifuri na kuyakuta mawili, fungu baada ya fungu, umeshajua mizani yako inazidisha kwa kiasi gani.

Kila kosa lipe aina. Jumla zikipishana, ile tofauti yenyewe inakuambia pa kutafuta. Hati inasema 118,600, wewe umeandika 116,800: tofauti ni 1,800. Inagawanyika kwa 9, jibu 200. Hapo shuku tarakimu mbili zilizogeuzwa, za maelfu na mamia, zinazopishana kwa 2. Tafuta mistari ya namna hiyo tu, usirudie yote 140. Kama umeandika 4,500 badala ya 45,000, tofauti ni 40,500; gawa kwa 9 unapata 4,500, yaani namba yenyewe uliyoikosea. Na kama umeongeza makato badala ya kuyatoa, tofauti ni mara mbili ya makato hayo: ukiona 64,000, tafuta makato ya 32,000. Ila angalia: kugawanyika kwa 9 kunaweza kutokea kwa bahati tu, na makosa mawili yakikutana yanaweza kufichana. Hata jumla zikikubaliana, huenda wakulima wawili wenye jina moja wamebadilishana malipo. Hilo hakuna hesabu itakayolishika. Linganisha namba ya mkulima, si jina.

Ukishakusanya makosa kama 30, yahesabu kwa aina. Mara nyingi utakuta aina moja imebeba sehemu kubwa, na mara nyingi zaidi imekaa mahali pamoja, hasa mistari miwili mitatu inayofuata baada ya kukatizwa. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi katikati, sehemu ya mawazo hubaki kwenye ile uliyoiacha. Na wewe unaachishwa kazi kila mkulima anapobisha hodi. Usimfukuze, mwombe sekunde kumi na tano uandike kwenye kipande cha karatasi: "mstari 63, safu ya makato, bado hati iliyo juu ya bunda." Ukirudi, rudia mstari mmoja nyuma, si ule uliofikia.

Watu huharibu mbinu hii kwa njia mbili. Wengine hujiuliza "naelewa? nipo sawa?" kila dakika, na akili iliyotakiwa kusoma tarakimu inaishia kujisikiliza. Jiulize kwenye viungo tu: kabla ya fungu, baada ya fungu, na unapokatizwa. Wengine huligeuza daftari kuwa ripoti. Siku mwenyekiti atakapoanza kulitumia kukusema, utaanza kukadiria dakika 60 ili uonekane hodari, na hapo halina faida tena. Likae kwenye droo yako. Soko lijalo jaza safu za muda peke yake, zinatosha. Za makosa zianze linalofuata.

Na huyo mwenyekiti hana macho makali kukuzidi. Hakuiandika yeye orodha, kwa hiyo hana anachokitegemea, anasoma kilichopo. Endelea kumpa akague, ila baada ya ukaguzi wako wa asubuhi, na kila atakaloliona liingie kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Hayo ndiyo makosa ambayo njia yako ya kukagua bado haiyashiki.