Maswali ya wasomaji: pikapu mpya ya dizeli kwa kazi ya shamba

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nakuru na nyanda za ziwa, na nyingi zinauliza kuhusu pikapu mpya ya dizeli. Tumechagua tano.

Nalima viazi Molo, ekari sita. Nataka pikapu ya kubeba magunia 30 hadi sokoni Nakuru. Muuzaji anasisitiza nichukue ya kebini mbili yenye injini kubwa, ati itabeba mzigo na watoto pia. Nimsikilize? — Mkulima wa viazi, Molo

Kwa kazi hiyo, usimsikilize. Nguvu ya injini huvuta mzigo. Kuubeba ni kazi ya chesisi, springi, ekseli, tairi na breki, na hivyo vyote vina kikomo kilichoandikwa. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, au inua boneti: utakuta kibao chenye uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakia, na mara nyingi uzito wa juu wa kila ekseli. Toa hapo uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachonunua.

Tufanye hesabu. Tuseme kibao kinaonyesha kilo 2,900 na gari tupu lina kilo 1,800. Zinabaki 1,100. Dereva na wapakiaji wawili ni kama kilo 210. Keji ya vyuma ambayo wengi huchomelea nyuma, pamoja na bamba la mbele, hazikosi kilo 120. Umebaki na kilo 770, yaani magunia 15 ya kilo 50, nusu ya uliyotaka. Na hayo ni magunia halali: kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Ukipakia yale yaliyoshonewa kofia juu, yanayopita kilo 100, saba tu yanatosha kumaliza nafasi yako.

Sasa kebini mbili. Bodi yake ina urefu wa kama mita moja na nusu, ilhali ya kebini moja hupita mita mbili. Katika bodi fupi, sehemu kubwa ya mzigo hukaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa. Pua ya gari huinuka, usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko, na kwenye kila shimo mzigo hufanya kazi ya mtaimbo: chesisi hupinda nyuma tu ya kebini. Gari lililovunjika mgongo utalitambua kwa ule mwanya kati ya kebini na bodi, mwembamba juu na mpana chini, au kinyume chake. Kulinyosha ni gharama kubwa na halirudi kama lilivyokuwa.

Fundi atakwambia aongeze jani moja au mawili la springi. Gari litasimama vizuri, lakini kibao hakijabadilika. Uzito ule ule sasa unapokelewa na ekseli, bearing'i za magurudumu na chesisi, kwa sababu springi imekuwa ngumu na haimezi tena mshtuko. Jani la ziada lina maana kwa gari linalobeba ndani ya kikomo chake kila siku kwenye barabara mbaya, si kwa kuvuka kikomo.

Tazama pia namba iliyo ubavuni mwa tairi. Tairi lenye alama 110 hubeba kilo 1,060, kwa hiyo mawili ya nyuma hubeba 2,120, uzito wa gari lenyewe ukiwemo. Wauzaji wengine huvisha pikapu matairi ya kifahari yenye alama ndogo. Dai yenye herufi C baada ya kipimo cha rimu. Hayo yametengenezwa kwa mizigo.

Ushauri wetu: chukua kebini moja, ufanye safari mbili za magunia 15. Kama magunia 30 ni ya kila wiki mwaka mzima, hiyo ni kazi ya kenta, na ununue kenta.

Niko Mau Narok, ngano na kondoo. Nachagua kati ya Land Cruiser ya lita 4.2 isiyo na turbo na pikapu ndogo za turbo kama Hilux ya 2.4 au D-Max. Majirani wamegawanyika. — Mkulima wa ngano

Wamegawanyika kwa sababu pande zote mbili zina hoja. Injini ya 4.2, ile 1HZ ya silinda sita, hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 285. Hilux ya 2.4, karibu nusu ya ukubwa huo, hutoa kati ya 343 na 400 kulingana na toleo. Tena namba hizo hupimwa mahali pa chini. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwenu, juu ya mita 2,500, robo ya nguvu imekwenda, na ule moshi mweusi mlimani ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu, hivyo hasara yake huwa ndogo. Ukipanda kutoka Njoro na mzigo utahisi tofauti hiyo waziwazi.

Lakini 1HZ ina pampu ya kimakanika, haitegemei kompyuta ili iwake, na inavumilia dizeli ya wasiwasi kuliko injini yoyote mpya. Ekseli yake ya mbele ni nzima, na fremu yake ni nzito. Kwa shamba lililo mbali na karakana, lenye madereva wanaobadilikabadilika, ningeichagua na kukubali mwendo wa taratibu na dizeli zaidi. Kumbuka tu kwamba ina mkanda wa taimingi. Ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni.

Kama shamba lako liko kilomita chache kutoka lami na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yuko Nakuru, turbo ndogo itakurudishia pesa kwa mafuta peke yake. D-Max huunganishwa Nairobi, na hilo husaidia kwa vipuri. Hata hivyo usiamini maneno: ingia duka la vipuri Nakuru kabla ya kulipa, uulize filta ya dizeli, sahani ya klachi na bearing'i ya gurudumu la mbele. Kama vyote vitatu havipo rafuni, jibu umelipata.

Swali moja zaidi kwa muuzaji: je, ekzosi ina kichujio cha masizi? Kichujio hicho hujisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la kama nyuzi 600, na kinahitaji mwendo wa barabara kuu kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo. Gari linalokwenda kilomita tatu hadi kwenye kituo cha maziwa na kurudi halifiki joto hilo. Kichujio huziba, na dizeli inayomwagwa ili kukichoma hushuka kwenye oili. Ukiona oili inapanda kwenye kijiti badala ya kushuka, simamisha gari, imwage, weka mpya. Kwenu kuna hatari nyingine kubwa zaidi: usiegeshe gari hilo juu ya mabua makavu ya ngano likiwa katikati ya kujisafisha. Linaweza kuwasha shamba.

Shamba langu ni la mpunga, karibu na Ahero. Je, gari lililo juu, linalosukumwa na magurudumu mawili tu, litatosha? — Msomaji wa Kano

Wakati wa kiangazi, ndiyo. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa Kano, hapana. Udongo huo hujaza mistari ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama chupa, na pikapu isiyo na mzigo haina uzito wowote nyuma wa kulikandamiza. Nunua inayosukumwa na magurudumu yote manne, yenye gia za chini (za nguvu nyingi na mwendo mdogo), na ukiweza, yenye kufuli ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja.

Dereva wako ajue mambo haya. Gia za juu za magurudumu manne ni za matope na changarawe inayoteleza pekee. Kwenye lami kavu, ekseli mbili hushindana kwenye kona na gia boksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo inayoumia. Gia za chini ziwekwe kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama. Anza na gia ya pili. Usiteleze klachi: anayeng'oa gari lililokwama kwa gia za juu huku akiteleza klachi anaweza kuiunguza kwa dakika chache, na harufu yake utaisikia. Punguza upepo hadi psi 22 hivi gari likiwa tupu, na ujaze tena kabla ya kupakia au kurudi kwenye lami. Tairi laini lenye mzigo hupata joto na kupasuka.

Baada ya kuvuka maji yanayofika kwenye kitovu cha gurudumu, fungua nati ya difu kesho yake asubuhi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Ibadilishe siku hiyo hiyo.

Naweka dizeli kwenye pipa shambani, Kitale, kwa trekta. Naweza kuitumia kwenye pikapu mpya? — Mama wa mahindi

Mama, tahadhari sana. Trekta ya zamani husamehe, pikapu ya sasa haisamehi. Pampu yake husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600, na dizeli hiyo hiyo ndiyo mafuta ya kulainisha pampu. Tone la maji au dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa hukwaruza chuma, na unga wa chuma husafiri mpaka kwenye injekta. Ndipo unapoambiwa ubadilishe pampu, injekta zote, mabomba, na kusafisha tangi. Serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuzuia uchanganyaji huo, maana bei ya chini ndiyo iliyowavutia wachanganyaji.

Kama huna budi, laza pipa kwa mwinamo, kifuniko kikiwa upande wa juu, chini ya kivuli. Liweke limejaa, kwa sababu nafasi tupu hutokwa jasho usiku na maji hushuka chini. Acha pipa litulie siku nzima baada ya kulisogeza. Chota kwa pampu ya mkono ambayo mdomo wake uko sentimita 10 juu ya sakafu ya pipa, upitishe kwenye filta inayotenga maji. Kwenye gari, fungua kiziba cha chini cha filta ya dizeli kila mwezi, toa maji kwenye chupa safi mpaka dizeli tupu itoke. Filta yenyewe ibadilishwe kila kilomita 10,000, na usinunue ya bei nusu.

Nachukua gari wiki ijayo Kisumu. Nikague nini kabla ya kutia sahihi? — Msomaji wa Kakamega

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na karatasi zako, herufi kwa herufi. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa kila tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Hata tairi la akiba. Lala chini utazame kama kuna unyevu wa oili kwenye difu na gia boksi. Weka gia za chini, kisha zitoe, mara tatu, palepale uwanjani. Hakikisha jeki, mpini wake na spana ya nati vipo na jeki inainua.

Soma masharti ya udhamini, hasa kilomita za sevisi na kama keji ya kuchomelea huyafuta. Kwa kilomita 1,000 za kwanza usipakie zaidi ya nusu ya kikomo, usivute tela, usishike kasi moja kwa muda mrefu. Kisha rudi ukaziwe nati za springi na za magurudumu, kwa kuwa hulegea baada ya mzigo wa kwanza. Kazi ya shamba ni ya gia ndogo na vumbi, kwa hiyo badilisha oili kila kilomita 5,000, na siku hiyo hiyo sukuma grisi kwenye nipo (vichuchu vya kupokelea grisi) zote za propela shafti na pingu za springi.