Niko ukurasa wa 90, na ajabu ya kitabu imeyeyuka kwenye Kiswahili

Mtoa mada kauliza maswali matatu kwa wapenzi wa fantasia na hadithi za kisayansi: unasoma nini sasa hivi, umefika wapi, na je, ungemshauri mwingine akisome? Naona wengi mmetaja jina la kitabu, mkakisifu kwa neno moja, mkaondoka. Mimi nitakuwa mrefu, mnisamehe. Kitabu nilicho nacho mkononi kinanisumbua kwa sababu ambayo nadhani msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko mtu mwingine.

Ni Ancillary Justice cha Ann Leckie, kilichotoka mwaka 2013. Ndiyo riwaya yake ya kwanza, na ilizoa kwa mkupuo tuzo kubwa za hadithi za kisayansi: Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke. Hii ni mara yangu ya pili kukishika. Mara ya kwanza nilikiacha mapema nikidhani ni mimi niliyechoka. Sasa niko ukurasa wa 90 na sikiachi tena.

Msimulizi anaitwa Breq. Zamani Breq alikuwa meli ya kivita ya angani. Sisemi nahodha wa meli wala askari ndani ya meli, nasema meli yenyewe: akili moja inayoona kwa macho ya watu wengi kwa wakati mmoja, kwa sababu miili ya watu waliotekwa vitani ilifanywa kuwa sehemu yake. Kisha meli ikaangamizwa, ukabaki mwili mmoja tu, na ndani ya mwili huo kimebaki kisasi. Hadithi inaanza Breq akiwa kwenye sayari ya barafu, anakuta mtu amelala kifudifudi thelujini, uchi, na anamtambua. Ni mtu aliyemfahamu miaka elfu moja iliyopita.

Hapo tayari pangetosha. Lakini watu wengi wakikizungumzia kitabu hiki husema jambo jingine: lugha ya Breq haitofautishi mwanamke na mwanamume. Kwa kuwa Kiingereza kinalazimisha kuchagua, Leckie ameamua kumwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike, "she", awe jenerali, mlevi au mtawala. Msomaji wa Kiingereza anapepesuka. Anafika katikati ya kitabu hajui nani ni nani, na kutojua huko ndiko kunakomfanya agundue ni mara ngapi huwa anajaza picha kichwani bila kuambiwa.

Nilimsimulia mdogo wangu. Huwa nafanya hivyo kwa kila kitabu, nikifika mahali pazuri namkalisha namsimulia kwa Kiswahili, naye ana subira ya ajabu. Nikamwambia: Breq alimwona mtu thelujini, akamgeuza, akamjua, akambeba. Nikaendelea hivyo hivyo, alisema, akakataa, akamfuata. Nikafika mwisho wa sura nikingoja ashangae. Akaniuliza, "Sasa ajabu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Alisema ni alisema. Ile "a" haijali aliyesema ana ndevu au ana hereni. Kile ambacho Leckie amekitolea jasho kurasa zote zile, sisi tunakipata bure tangu tunajifunza kuongea, na kwa kuwa tunakipata bure hatukioni.

Ila kuna upande wa pili ambao ulinichekesha peke yangu. Breq akilazimika kusema lugha za kigeni zinazotaka ujue jinsia, anahangaika. Anatazama nywele, nguo, koo, anakisia, anaogopa kumkosea mtu adabu. Jamani, huyo si ni mimi darasani nikijifunza Kiingereza? Niliwahi kusimama mbele ya darasa zima kumweleza mama yangu kwa kiwakilishi cha kiume mwanzo hadi mwisho, na sikuelewa kwa nini mwalimu anang'ata midomo. Mpaka leo nikiongea kwa haraka ulimi unateleza. Sijawahi kukutana na shujaa wa hadithi ya angani mwenye kosa langu.

Basi nikaanza kujiuliza, mtu akikitafsiri atafanyaje? Akitumia "a" kila mahali, mchezo wote unazimika. Nadhani itabidi ajabu ihamishwe kutoka kwenye vitenzi iende kwenye majina ya watu wa nyumbani. Kiswahili kinanyamaza kwenye "alikuja", lakini kinapiga kelele kwenye shangazi na mjomba. Askari wote waitwe dada, warithi wote wa koo kubwa waitwe binti, na neno "ndugu" lipigwe marufuku kabisa kitabu kizima, maana hilo lingemwokoa msomaji mapema mno. Hapo ndipo mdogo wangu angekunja uso.

Swali hili si geni. Ursula K. Le Guin alikwama hapo hapo mwaka 1969 kwenye The Left Hand of Darkness, ambacho nilikisoma zamani na nimekirudia kipande kipande wiki hii kwa kulinganisha. Mjumbe Genly Ai anafika sayari ya Gethen, ambako watu hawana jinsia kwa sehemu kubwa ya mwezi, kisha kwa siku chache mtu yeyote anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Le Guin alitumia kiwakilishi cha kiume kwa wote, akalaumiwa kwa miaka, na baadaye mwenyewe aliandika tena juu ya uamuzi ule akikiri kasoro zake. Ukikisimulia kwa Kiswahili, kasoro inatoweka.

Lakini polepole. Nusu ya utamu wa kitabu kile ni upofu wa Genly Ai. Anaona wanaume kila mahali kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kuona, na ndiyo maana anachelewa sana kumwelewa Estraven, mtu pekee aliye upande wake. Kiswahili kingeusitiri upofu huo. Sentensi moja tu nina hakika ingebaki na makali yake yote, ile inayotaja kwamba mfalme ana mimba. Jaribuni kuisema kwa sauti mbele ya watu muone.

Kitabu cha pili nilicho nacho kiko kando ya kitanda, nacho ni Dune cha Frank Herbert, cha mwaka 1965, hadithi ya sayari ya jangwa. Najua, kila mtu hapa alishakisoma. Mimi nilikuwa nakikwepa kwa unene wake. Inasemekana wachapishaji zaidi ya 20 walikikataa, kikaja kutolewa na kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari, na nikikipima kwa mkono naamini kabisa.

Kina faharasa ya maneno mwishoni ili msomaji asipotee. Sikuihitaji sana. Watu wa jangwani wanamngoja Mahdi. Wanamwita kijana Paul, shujaa wa kitabu, jina la siri, Usul, wakimaanisha kitako cha nguzo, na mimi nikasikia usuli. Wanamwita Lisan al-Gaib na nikatulia kabla ya kufungua ukurasa wa maelezo: lisani, ghaibu. Shaitan sihitaji hata kusema. Herbert alichota Kiarabu akitaka maneno yasikike ya mbali, ya kale, ya sayari nyingine. Kwangu yalisikika kama jirani anayebisha hodi. Nusu ya fumbo la kitabu ilinipotea hapo, ila nilipata kitu badala yake. Neno adabu lilikuwa likinigonga kila walipomwita Muad'Dib, jina la panya wa jangwani, na nikawa namsoma Paul kama mtu anayefunzwa adabu na jangwa kabla ya kuitwa mkombozi. Sijui kama Herbert alitaka nisome hivyo. Nimesoma hivyo.

Kurasa za mwanzo zinachosha, siwafichi. Watu wanakaa wanawaziana.

Hilo neno ghaibu ndilo lililonirudisha kwa Shaaban Robert, na hapa nina malalamiko. Adili na Nduguze ni cha mwaka 1952. Kuna nchi iitwayo Ughaibu. Kuna mtu mwema, Adili, mwenye manyani wawili ambao lazima awapige kila usiku, na anawapiga huku roho ikimuuma kwa sababu manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa ubaya wao. Nisomeeni mstari huo tena: analazimika kuwapiga ndugu zake walio manyani, kila usiku. Kitabu hicho kikitoka leo na jalada lenye mwezi mwekundu kingeitwa fantasia ya kutisha na tungekipigania. Lakini mimi nilipewa darasani, nikaambiwa nitafute maudhui na maadili, nikayatafuta nikayapata, na manyani sikuwaona. Vivyo hivyo Kusadikika cha 1951, nchi nzima inayoelea hewani, na mtu anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Tuliigeuza ikawa swali la mtihani.

Kwa hiyo zamu ya tatu nimempa Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, na riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo na kurushwa angani, na badala ya kufa anajikuta amefika kwenye sayari nyingine, kwenye jamii iliyojijenga kwa usawa. Jina la mahali hapo ni fumbo lililofichwa waziwazi: wale ni sisi. Nakisoma kwa zamu na Leckie, sura huku, sura kule, na vinasemezana kwa namna ambayo sikuitegemea. Dola ambalo Breq alilipigania kama meli linawameza wale mpaka wanakuwa sisi, kwa nguvu. Mkangi anakuja na maneno hayo hayo kutoka upande wa pili. Kuna mahali anahubiri kupita kiasi na mazungumzo yanakuwa hotuba, hilo nalisema, lakini kwa kuwaza yuko mbali mbele ya vitabu vingi vya angani vinavyosifiwa.

Nilivyoviacha: The Wheel of Time. Mfululizo una vitabu 14, mwandishi wake Robert Jordan alifariki mwaka 2007, Brandon Sanderson akaumalizia hadi 2013. Mimi nilishuka kwenye kitabu cha saba. Sina ugomvi nao, nilisahau tu nani anamtafuta nani. Na ule wa George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, sianzi tena mpaka kitabu cha sita kitoke, maana cha tano ni cha mwaka 2011 na mimi si mti.

Kwa aliyesema hapo juu kwamba hana muda wa riwaya, soma hadithi fupi moja ya Ted Chiang, Exhalation, ya mwaka 2008. Watu wa chuma wanaoishi kwa kubadilisha mapafu yaliyojaa hewa kila siku, na mmoja wao, mtaalamu wa miili, anajifungua kichwa mwenyewe ili aone kumbukumbu inakaaje. Anachokigundua siwaambii. Kuna rafiki aliyenitobolea mwisho wa hadithi nyingine ya Chiang tukiwa tumepanga foleni, na mpaka leo nikimwona nasalimia kwa mkato.

Swali la tatu, kama ningemshauri mtu asome Ancillary Justice. Ndiyo, ila asikisome kama chemshabongo. Nilipokiacha mara ya kwanza ni kwa sababu nilikuwa nakaa na orodha kichwani, huyu wa kike, huyu wa kiume, huyu sijui. Ukiwa na Kiswahili iache orodha, tafsiri kimoyomoyo kwa "a" na uende. Utakachobaki nacho ndicho hasa kitabu kinachozungumzia, yaani ile miili.

Na hapo ndipo nilipokwama juzi. Sikuwa na neno la Kiswahili la mtu kama Breq, mwili wa binadamu unaotumiwa na meli. Nilimwambia mdogo wangu "kiungo", likasikika kama kitu cha kutia kwenye mchuzi. Nikajaribu "tawi", akasema hilo la benki. Shangazi yetu alikuwa kando anasikiliza kwa sikio moja, akauliza, "Huyo mtu ameingiwa na meli kama mtu anavyoingiwa na pepo?" Nikasema ndiyo, hasa. "Basi ni kiti," akasema, akaendelea na shughuli zake.

Kiti. Mtu anayepandwa ni kiti cha pepo. Nimerudi ukurasa wa kwanza na neno hilo na kitabu kimekuwa kingine. Pepo huja na kuondoka, na akiondoka kiti kinaamka, kinauliza kulikoni, kinaomba maji. Breq ni kinyume chake: mwenye mwili hayupo tena, hakuna wa kumwamsha, aliyebaki ni pepo, na pepo huyo ndiye anayenisimulia kwa upole hivi mpaka nampenda. Nikamweleza shangazi hilo. Safari hii aliacha alichokuwa akifanya. Aliuliza mwenye mwili alikuwa nani, alikuwa na jina gani. Nilikuwa sijawahi kujiuliza, nami niko ukurasa wa 90 kwa mara ya pili.

Mliosoma vitabu viwili vilivyofuata, tafadhali msinijibu hilo.