Nilipoacha kumwagiza mwanangu nikiwa jikoni

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka 9 jirani mmoja hapa Kadutu, mjini Bukavu, aliponiambia ana pepo. Ukimtuma maji: "Sitaki." Ukirudia, bidoni inatupwa chini. Shuleni vilevile, mwalimu akimkosoa anafunga daftari na kumkazia macho. Nilimchapa sana. Naandika hivyo kwa uchungu, maana fimbo haikupunguza chochote. Alijifunza kunikwepa tu.

Mwanasaikolojia niliyempelekea hakuanza na ukaidi. Aliuliza kama anasikia vizuri, analalaje, kama anaweza kutulia darasani, na aliona nini siku tulizokimbia risasi. Hofu ya mtoto mara nyingi hutoka kama hasira. Akaeleza kwamba si kila "sitaki" ni ugonjwa: ni pale ukaidi unapodumu miezi 6 au zaidi na kuvuruga nyumba au masomo. Dawa ya kumeza kwa ukaidi wenyewe hakuna. Anayefunzwa kwanza ni mzazi. Nilikasirika, nusura niondoke.

Lakini alinionyesha tulivyokuwa tunazunguka. Mimi napayuka, yeye anapayuka zaidi, nachoka, nakwenda kuchota maji mwenyewe. Mtoto ameshajua kwamba kelele humwondolea kazi.

Basi nikaacha kumwagiza kwa sauti nikiwa jikoni. Namsogelea, namwita jina, nasema jambo moja: "Chukua bidoni, nenda bombani." Nanyamaza. Akienda, namshukuru palepale kwa alichofanya: "Asante, umekwenda nilipokwambia mara moja." Asipoenda, hakuna mpira jioni hiyo, na kesho tunaanza upya. Tena kila siku dakika 10 ni zake: tunacheza anachotaka yeye, simtumi, simkosoi. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, na ndilo ninaloliamini zaidi.

Wiki mbili za mwanzo alizidi ukali, akipima kama nitalegea. Usiache hapo. Na wakubwa wote wa nyumba washike kanuni moja. Mama mkwe alikuwa akimruhusu kisirisiri, ikabidi nikae naye, nimweleze kwa heshima.

Kwa kijana wa miaka 15, kaeni chini mpatane saa ya kurudi na litakalofuata akichelewa, naye aseme yake. Akiumiza watu, akitesa wanyama au akisema anataka kufa, usingoje hata siku moja. Hapa Bukavu, hospitali ya SOSAME inahudumia wenye shida za afya ya akili.