Mkoko ni mti gani, na hupandwa mbegu au mche?

Swali: Kikundi chetu cha mazingira kimeandika tangazo, "Njooni tupande mikoko 500." Mwenzetu anasema tumekosea kwa sababu mkoko ni aina moja tu ya mti, na jina la miti yote ile ni mikandaa. Mwingine anauliza kama tuandike "mbegu" au "miche". Tufuate lipi?

Jibu: Tangazo lenu ni Kiswahili safi. Kasoro yake ni kwamba halitaji aina ya mti, na kasoro hiyo inaweza kuua yote 500.

Neno mkoko lina maana mbili, na zote mbili zinatumika hadi leo. Kwa maana finyu ni ule mti ambao mizizi yake hutoka shinani na matawini ikajipinda hadi kwenye tope. Wanasayansi huuita Rhizophora mucronata, na baadhi ya watu wa pwani huuita pia mkaka. Kwa maana pana, mikoko ni jamii yote ya miti inayoota mahali panapofunikwa na maji ya bahari yanapojaa na kufunuliwa yanapokupwa. Maana hii pana ndiyo iliyoenea shuleni, katika vyombo vya habari na katika shughuli za hifadhi. Mradi wa biashara ya hewa ukaa ulioanza mwaka 2013 katika ghuba ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, unaitwa Mikoko Pamoja, ingawa ghuba hiyo ina mchu, mlilana na mingine mingi.

Hoja ya mikandaa haisimami. Ni kweli wapo wanaosema mikandaa kwa maana ya miti yote, na sioni ubaya. Lakini mkandaa nao ni jina la mti mmoja, Ceriops tagal, ule mdogo wenye shina lililotanuka chini na magome yanayotumika kutia ngozi rangi nyekundu. Anayeukataa mkoko kwa kuwa ni aina moja hana budi kuukataa mkandaa kwa sababu hiyo hiyo.

Majina haya yanapaswa kuandikwa kwa uangalifu kwa sababu kila mti una mahali pake. Mlilana, ambao Tanzania wengine huuita mpira, husimama mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi. Mizizi yake ya kupumulia hutokeza juu ya tope ikiwa minene na yenye ncha. Mkoko wenyewe huja nyuma yake, kwenye tope laini na kingo za mikono ya bahari. Kisha muia, ambao wengine huuita mshinzi au msinzi, wenye mizizi iliyokunjika mithili ya magoti. Mkandaa huota juu zaidi, mahali ambapo mara nyingi hufikiwa na maji ya bamvua tu, yaani ya siku zile bahari inapojaa sana. Mkomafi, wenye tunda kubwa la mviringo na mizizi bapa inayotambaa, hupenda mahali penye maji baridi kidogo, yaani yasiyo na chumvi. Mchu ndio mgumu kuuwekea mpaka: hustahimili chumvi nyingi kuliko wenzake, na huweza kuonekana mbele karibu na bahari na tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Utautambua kwa jani lenye rangi ya kijivu upande wa chini na mizizi myembamba iliyosimama kama penseli.

Sasa angalia linalotokea mtu akisoma "tupande mikoko" bila maelezo. Huokota mbegu za mkoko halisi, kwa kuwa ndizo kubwa na rahisi kuokota, kisha huzipanda kwenye tope tupu mbele ya bahari, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Hapo ni mahali pa mlilana au mchu. Mawimbi huzing'oa, viumbe wa magamba hujibandika kwenye vishina hadi vikalemewa, na maji hukaa juu yake muda mrefu kuliko inavyoweza kuvumilia. Ufilipino imepoteza mashamba mengi kwa kosa hili hili. Kwa hiyo katika kichwa cha tangazo andikeni mikoko, na katika maelezo andikeni aina: mkoko, mchu, mlilana.

Kuhusu mbegu na mche, jibu hutegemea mti. Mlilana na mkomafi ina mbegu kwa maana ya kawaida. Mkoko, muia na mkandaa ni tofauti: mbegu huchipua ingali juu ya mama yake, na kinachoanguka ni kijiti cha kijani kilicho tayari kuota mizizi. Cha mkoko huweza kuzidi nusu mita. Wapandaji wengi hukiita mbegu, na mimi nafuata matumizi yao. Neno mche nawaachia watu wa vitalu, kwa kilichokwisha kutoa majani ndani ya kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea.

Kitenzi ndicho cha kuchungwa zaidi. Ukiandika "fukia mbegu", mgeni ataifukia yote nayo itaoza. Mbegu ya mkoko huchomekwa: ncha chini, upande wa chipukizi juu, theluthi moja hivi ndani ya tope, bila kuchimba shimo. Msiikwangue ngozi, na msiichume kwa nguvu. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano pale inaposhikana na tunda, na huachia ikiguswa. Mche wa kitaluni ndio unaochimbiwa shimo, na lazima kiriba kivuliwe kwanza, la sivyo mizizi hujizungusha humo humo.

Upatanisho wa kisarufi hauna utata: mkoko umekatwa, mikoko imekatwa. "Mikoko zimekatwa" ni kosa, japo husikika.

Kwa kuwa mmeuliza kuhusu neno hili, nitaongeza jambo moja. Katika msemo "ndiyo kwanza mkoko unaalika maua", kualika si kumwita mtu karamuni. Ni kitenzi kingine chenye maana ya kupasuka, yaani maua yanafunguka. Husemwa jambo linapoanza tu kupamba moto, na msemo unaafikiana na mti wenyewe, maana tangu mkoko uchanue hadi mbegu ikomae na kuanguka hupita miezi mingi. Anayetaka mbegu za msimu fulani asihesabu kuanzia maua ya msimu huo.

Mwisho, siku ya kazi msiitaje kwa saa pekee. Andikeni "maji yakishakupwa", kisha saa, kwa kuwa kupwa husogea kila siku. Kama mnapanda mkandaa, chagueni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Wakati wa maji mafu, yaani siku bahari inapojaa kidogo tu, eneo lake linaweza kukaa siku kadhaa bila kufikiwa na bahari, na mbegu changa hukauka.