Skopu yetu inaonyesha giza, na wenzangu wanataka darubini za 12x50

Swali: Salaam fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha watazama ndege, na kwa kawaida tunatoka watu 14 hivi kwa pamoja. Tuna skopu (darubini kubwa ya jicho moja) ya 20-60x80 juu ya stendi ya miguu mitatu, na sasa tumechangishana ili tuongeze darubini tano za kuazimisha wageni. Wanachama wengi wanashikilia zinunuliwe za 12x50 kwa sababu "zinavuta". Kinachonisumbua zaidi ni skopu. Kiongozi anamnasa ndege vizuri, anasogea kando, lakini anayefuata akiinama anasema haoni kitu: giza tupu, au kivuli cheusi kinachochezacheza. Wenye miwani wameshaacha hata kupanga foleni. Je, skopu imeharibika? Na hizo 12x50 tukubali?

Jibu: Katibu, kwa maelezo yako sidhani kama skopu ina ubovu wowote. Nahisi kiongozi wenu anaiacha kwenye 60, yaani ikikuza mara 60. Na wanaodai 12x50 wana tatizo lile lile la kupenda namba kubwa.

Fanya jaribio hili. Chukua darubini yoyote, inyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, lenzi za mbele zikielekea anga lenye mwanga (si jua, kamwe). Katikati ya kila lenzi ya jicho utaona kiduara kinachong'aa. Mwanga wote unaofika machoni unapitia hapo. Upana wake unaupata kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya mara ambazo darubini inakuza. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita: kwa 8x42 ni milimita 5.25, na kwa 10x25, zile ndogo za mfukoni, ni 2.5. Skopu yenu ikiwa kwenye 20 inatoa milimita 4. Ukiipandisha hadi 60, kiduara kinabaki milimita 1.3 tu.

Mboni ya jicho mchana wa jua huwa na upana wa milimita 2 hadi 3, na huongezeka alfajiri na jioni, wakati ndege wanapochangamka. Kwa hiyo kwenye 60 unampa mgeni mwali mwembamba kuliko mboni yake. Picha inafifia, na kichwa kikisogea kidogo tu, mwali unaikosa mboni kabisa. Hilo ndilo giza wanalolalamikia. Kiongozi haoni shida kwa sababu shingo yake imeshazoea mahali pa kukaa.

Basi iwe sheria: ndege atafutwe kwenye 20, na skopu iachiwe wanaofuata kwenye foleni ikiwa kati ya 20 na 30. Anayetaka kuhesabu manyoya apandishe mwenyewe akishamwona ndege, kisha airudishe chini kabla ya kuondoka. Isitoshe, jua likishapanda, hewa juu ya tope na maji huchemka, na bata aliye mbali anatikisika kwenye picha. Hapo 60 inakukuzia mawimbi ya hewa tu, hata kama skopu ni ya bei ya kutisha.

Kivuli kinachochezacheza ni jambo la umbali wa jicho. Kila lenzi ya jicho ina umbali wake ambapo picha nzima inaonekana. Jicho likisogea karibu kupita kiasi, vivuli vyeusi vinaanza kuogelea. Likikaa mbali, unaona kama uko ndani ya bomba. Vile vikombe vya mpira vinavyozungushwa kupanda na kushuka viliwekwa kwa ajili hiyo: asiye na miwani avipandishe, mwenye miwani avishushe hadi mwisho. Nina hakika chenu kimepandishwa tangu skopu inunuliwe, ndiyo maana wenye miwani wanachungulia kupitia bomba. Msiwaambie wavue miwani. Wakivua watalazimika kurekebisha fokasi upya, na mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) hatapona kwa fokasi peke yake.

Tukiwa kwenye fokasi: watu wengi wana adabu iliyopitiliza. Wanafika kwenye skopu, wanaona ukungu, wanasema "asante, nimemwona" na kuondoka, kwa kuwa wanaogopa kugusa kitu cha watu. Waambieni wazi kwamba gurudumu la fokasi ni ruhusa kulizungusha kwa vidole viwili, kwani macho hayafanani. Wasichoruhusiwa ni kushika mwili wa skopu au kuegemea stendi. Mikono mingine yote nyuma. Na kimo cha stendi kifuate aliye mfupi kuliko wote. Mrefu anaweza kuinama, mfupi hawezi kujirefusha. Hapa skopu yenye lenzi ya jicho iliyopinda juu inawafaa watu wa kikundi kuliko iliyonyooka, ingawa iliyonyooka inamrahisishia kiongozi kumlenga ndege.

Sasa hizo 12x50. Zinakuza ndege, kweli, na zinakuza mtetemo wa mikono vilevile. Mgeni aliyetembea, anahema, mkono mmoja una daftari, hawezi kuituliza picha ya mara 12. Pili, upana wa kuona unapungua. Darubini nyingi za 8x42 zinaonyesha eneo la kama mita 130 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000. Za 12x50 kwa kawaida huishia karibu na 100 au chini yake. Kwenye kikundi hilo ni kubwa. Mtu anasema "kwenye tawi lile!", na ndege mdogo anakaa hapo sekunde chache tu. Mwenye picha pana anamkuta, mwenye picha finyu anatafuta tawi. Tena 12x50 ni nzito shingoni ikifika mchana.

Ningekuwa nanyi ningenunua nne za 8x42 na moja ya 8x32. Hiyo ya tano ni nyepesi, na kiduara chake ni milimita 4, kinatosha kabisa mchana. Mpeni mtoto au mtu mwenye uso mwembamba, lakini kwanza hakikisheni mitungi yake miwili inakunjika hadi kufikia macho yaliyokaribiana, maana baadhi zinagoma mapema. Ya 10x42 ni chombo kizuri kwa mtu mwenye mkono uliotulia na aliye na yake mwenyewe. Ya kuazimisha, hapana. Darubini za macho mawili zenye zumu, na zile zenye lenzi nyekundu zinazong'aa, zipiteni bila kusimama.

Dukani rudia jaribio la kiduara. Kikiwa mviringo safi, ni dalili kwamba prizimu zake (vioo vya ndani vinavyogeuza picha) ni za kioo kizuri. Kikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama pembe, rudisha. Kwa wenye miwani, soma kwenye maelezo kama umbali wa jicho unafika milimita 16 au zaidi. Iwe haipitishi maji na imejazwa gesi ya naitrojeni, la sivyo ukungu unaweza kuingia ndani siku ya mvua. Kisha itazame kamba au ukingo wa paa ulionyooka, halafu isogeze polepole mbali na uso wako huku ukiendelea kutazama. Mstari wa kushoto na wa kulia ukipishana kwenda juu au chini, mitungi haijanyooka. Macho yanaweza kulazimisha picha hizo mbili ziungane, lakini baada ya muda kichwa kinauma na mtu anadhani ni jua. Darubini za kuazimisha zinaanguka sana, kwa hiyo rudieni kipimo hiki kila baada ya msimu. Zikipotoka, zipelekeni kwa fundi mwenye kifaa cha kunyoosha. Msifungue skrubu nyumbani.

Kila anayeazima apewe dakika mbili kabla ya kuondoka. Aikunje darubini hadi duara mbili ziwe moja. Afunike lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja bila kufumba jicho, atazame kibao chenye maandishi, na azungushe gurudumu la katikati hadi maandishi yakae sawa kwa jicho la kushoto. Kisha afunike ya kushoto na kuzungusha dayopta (pete ya kurekebisha jicho moja) peke yake, ambayo mara nyingi iko kwenye lenzi ya jicho ya kulia. Baada ya hapo anatumia gurudumu la katikati tu siku nzima. Asipofanya hivyo anarithi macho ya aliyeazima jana.

Kuna jambo dogo ambalo si la kioo. Mkielekezana kwa uso wa saa, kubalianeni kwanza mnasoma namba zilizoandikwa au saa kama tunavyoitaja. "Saa tatu ya mti" itampeleka mmoja kulia na mwingine kushoto, na "saa sita" ni mbaya zaidi: mmoja atatazama kileleni, mwingine kwenye shina.

Usafi: puliza vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, fuata na brashi laini, kitambaa cha lenzi kije mwisho. Pindo la shati linasugua mchanga juu ya kioo. Kwenye unyevunyevu, hifadhini pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, maana ukungu wa kuvu ukishaota ndani ya lenzi, gharama ya kuusafisha inaweza kukaribia bei ya darubini yenyewe.

Na fedha ikibaki, msinunue skopu ya pili. Badilisheni kichwa cha stendi kama kinateleza kikishafungwa, kwa sababu ndege aliyelengwa vizuri akishuka nje ya picha kabla mtu wa tatu hajafika, foleni yote inaanza upya.